Paa la Norwe katika Kata ya Matuta

Nyumba ya Fundi Shomvi ilinyimwa kibali cha kupaua kwa sababu haikuwa na dhana.

Vingine vyote ilikuwa navyo. Ilikuwa na msingi wa mawe, vyumba vitatu na sebule, madirisha yenye nondo, na kuta zilizopanda mpaka kwenye linta. Mchana Fundi Shomvi alijenga nyumba za watu, na jioni na Jumapili alijenga yake, matofali mawili leo, matano keshokutwa, kama wajengavyo wote katika Jamhuri ya Ndulele. Miaka kumi na mmoja ilikwenda hivyo. Ila saruji ilikuwa imeishia kwenye msingi, na kuta akazijenga kwa udongo. Ukuta wa udongo ukishapauliwa, utaishi zaidi ya aliyeujenga. Usipopauliwa, masika mamoja tu yanatosha kuurudisha shambani ulikotoka.

Na masika yalikuwa yamebakiza wiki sita.

"Dhana ndiyo nini?" Fundi aliuliza, akiwa ameinama kwenye dirisha la Ofisi ya Kata ya Matuta.

Ndani alikaa Afisa Dhana wa Kata, kijana aitwaye Kasembe, mwenye tai fupi na mhuri mpya. Cheo chake hakikuwepo mwezi uliopita.

"Fundi, dhana ni dhana."

"Inauzwa duka gani?"

"Haiuzwi. Nyumba yako inatakiwa imwambie kitu mtu anayepita."

"Inamwambia aingie asinyeshewe."

Kasembe alifungua kitabu kikubwa cha picha, akapekua kurasa kadhaa, akakifunga. "Hilo humu halimo," alisema.

Kitabu kile kilipatikana hivi. Waziri wa Makazi na Mandhari, Mheshimiwa Lugendo, alikwenda kujifunza ujenzi katika nchi saba kwa siku arobaini. Alifuatana na watu thelathini na mmoja, wakiwemo kikundi cha tarumbeta cha wizara na mshonaji wake wa suti. Msanifu majengo wa wizara naye alikuwa kwenye orodha, lakini uwanjani ikaonekana kwamba ngoma kubwa haina kiti, naye akaombwa aelewe. Akaelewa, akarudi nyumbani.

Kwa hiyo huko ugenini hakuna aliyechora kitu wala kuuliza kitu. Walipiga picha. Siku ya kurudi, Waziri alihutubia taifa kutoka kwenye ngazi za ndege.

"Ndugu wananchi! Kwa muda mrefu mmekuwa mkiishi katika nyumba. Serikali yenu sikivu imeliona hilo, na imesikitika. Kuanzia leo hakuna mwananchi wa Ndulele atakayelala ndani ya nyumba tupu. Mtalala ndani ya dhana! Wenzetu wamefika mbali kwa sababu gani? Kwa sababu ya mapaa! Kwa sababu ya madirisha! Nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimeyashika!"

Watu walipiga makofi, maana tarumbeta zilikuwa zimeshaanza na ilionekana ni vibaya kuziacha zipige peke yake.

Picha zikafanywa kitabu, na kitabu kikafanywa sheria. Hapo pakatokea tatizo dogo. Hakuna pale wizarani aliyejua dhana iko sehemu gani ya picha. Wengine walisema iko kwenye paa, wengine walisema iko mlangoni, na mkurugenzi mmoja aliyesoma sana alisema iko katikati ya paa na mlango lakini haionekani. Baada ya semina ya siku nne hotelini wizara iliamua kwa busara kwamba picha nzima ndiyo dhana. Kila kilichomo kwenye picha kiwepo kwenye nyumba, na mkaguzi apite na orodha.

Nchi ziligawanywa kwa kata. Kata ya Bondeni ilipata Uholanzi, yaani nyumba nyembamba yenye ndoana kubwa juu ya paa ya kupandishia vyombo kwa kamba, na mfereji wa maji mbele ya mlango. Mfereji ulichimbwa. Maji hayakuja, kwa kuwa Bondeni hawajawahi kuona bomba likitoa kitu, lakini watoto walipata pa kuchezea na mbwa walipata pa kulala. Nyumba zote za Bondeni hazina ghorofa, lakini sheria ni sheria. Mtu akinunua kitanda, kitanda kilifungwa kamba, kikapandishwa hadi kwenye ndoana, umati ukashangilia, kisha kikateremshwa na kuingizwa kwa mlango uleule.

Kata ya Kilimani ilipata Japani, na picha yao ilikuwa ya hoteli ya vyumba vya kulala kama droo za kabati. Bwana Chilumba, mwenye bucha, mtu mwenye mwili wake, aliingia kwenye droo Jumatatu ili awe mfano. Walimvuta kwa miguu Jumatano. Alipoulizwa na redio aliisifu serikali kwa utulivu aliouona humo ndani.

Kata ya Matuta ilipata Norwe, ukurasa wa kumi na nne.

Fundi Shomvi alirudi nyumbani na nakala ya ukurasa huo. Nyumbani kilikuwa chumba kimoja cha kupanga, kimekatwa katikati kwa pazia. Upande huu alilala yeye na mkewe, Mama Rukia. Upande wa pili alilala mama mkwe wake, Bi Somoe, ambaye alikuwa na nyumba yake mpaka miaka mitatu iliyopita. Wizara ileile ilipoendesha kampeni ya "Nyasi ni Aibu", greda lilipita mtaani kwake na kuvunja kila nyumba iliyoezekwa kwa nyasi. Yake ilivunjwa mchana kweupe, naye akapigwa picha mbele ya vumbi ili awe fundisho. Tangu hapo Fundi Shomvi alikuwa amemwahidi chumba cha mbele, chenye dirisha la kutazama barabara. Kila jioni Bi Somoe alikwenda na kigoda chake kukaa ndani ya chumba hicho kisicho na paa, akatazama barabara, kisha akarudi nyuma ya pazia.

"Mkwe, hebu nisomee tena," alisema. "Juu kuna nini?"

"Nyasi, mama."

"Nyasi hizi hizi?"

"Nyasi. Zimeota juu ya paa. Na juu ya nyasi kuna mbuzi."

"Na huyu aliyesimama pembeni ya mbuzi, anayecheka?"

"Ndiye Waziri."

"Yule yule aliyenivunjia?"

"Yule yule."

Bi Somoe aliishika karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. "Kajisumbua bure na ndege," alisema. "Angekuja kwangu ningempandisha juu, na mbuzi ningemwazima."

"Baba Rukia," mkewe aliingilia, "yote hayo ni maneno. Wiki zimebaki tano. Unapaua, hupaui?"

"Kesho anakuja mkaguzi."

Kasembe alikuja na orodha, kalamu mbili na buti za mvua, ingawa jua lilikuwa linachoma. Alisimama katikati ya sebule, akatazama juu, akaiona mbingu.

"Nyasi juu ya paa?"

"Nitakata bondeni kule, zimejaa."

"Hapana. Nyasi za Ndulele ni aibu, kampeni haijafutwa. Nyasi za dhana zinatoka nje, zimefungwa kama mikeka, na udongo wake. Ziko bandarini, zitaletwa. Hapo nakupitisha. Mbuzi juu ya paa?"

"Paa sina. Ndilo ninaloomba."

"Naandika, mbuzi hayupo."

"Bwana mdogo, nimweke vipi mbuzi juu ya paa ambalo hujaniruhusu kulijenga?"

"Fundi, mimi sikagui vipi. Mimi nakagua mbuzi."

"Nipe kibali, nipaue, nimpandishe."

"Lete mbuzi akiwa juu, nikupe kibali."

Walitazamana. Kasembe hakuwa mtu mbaya. Aliona kabisa kwamba jambo hilo lina kasoro, lakini orodha haikuwa na mahali pa kuandika kasoro.

Fundi Shomvi aliishia darasa la nne, kwa hiyo hakujua kwamba mambo ya namna hiyo hayana ufumbuzi. Alikwenda kukaa juu ya tangi la maji la jirani, akafikiri, kisha akashuka kwenda Ofisi ya Kata. Safari hii hakwenda kwenye dirisha la Kasembe. Alikwenda dirisha la tatu, la Mifugo.

Dirisha la Mifugo lilikuwa na Bi Agripina, mama mtu mzima aliyekuwa anasuka kitambaa cha meza. Hakuwa amegonga mhuri tangu ugonjwa wa kuku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umepotea, dirisha la ardhi ni lile."

"Sijapotea. Nataka kibali cha jukwaa la mbuzi."

Bi Agripina aliweka sindano chini. Alitafuta fomu kwenye makabati mawili, akaipata, akaipuliza vumbi. "Ukubwa?"

"Mita kumi na mbili kwa tisa."

"Mbuzi wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja! Anatembea sana?"

"Ana mawazo."

Bi Agripina alitikisa kichwa kama mtu aliyewahi kufuga mbuzi wa namna hiyo. "Jukwaa lenyewe litakuwa la nini?"

"Kenchi za mbao, papi za kupigilia, na bati juu."

"Litasimama juu ya nini?"

"Juu ya kuta. Zipo tayari."

"Basi umeshapiga hatua, baba. Wengine wanakuja hapa hawana hata nguzo." Akagonga mhuri kwa nguvu mpaka glasi ya chai ikatikisika. Jukwaa la mbuzi, kwa sheria za Ndulele, halihitaji dhana.

Fundi Shomvi alipaua kwa siku nne. Mafundi wenzake watatu walikuja bila kuitwa, maana mtu akipaua nyumba yake mwenyewe fundi mwenzake hawezi kukaa nyumbani. Walipandisha kenchi wakiimba matusi ya kazi. Mama Rukia alipika pilau. Msumari wa mwisho ulipopigwa, mbuzi wa kuazima, jike jeupe lenye pembe moja, alipandishwa kwa ngazi akipiga kelele, akafungwa kwenye ncha ya paa. Jioni ileile Bi Somoe alihamisha kitanda chake. Hakusubiri kusaidiwa, alibeba godoro kichwani mwenyewe, akalitandika chini ya dirisha la barabarani.

Kasembe alirudi na orodha. Mbuzi: yupo. Baiskeli nyekundu mlangoni: ipo, ilikuwa ya tarishi, ilipakwa rangi. Theluji mlimani: Fundi alikuwa amemwaga unga wa muhogo juu ya kichuguu cha nyuma, na Kasembe akauonja, akaandika ipo. Ikabaki mtu wa mlangoni, maana kwenye picha alisimama mzee mwenye ndevu nyeupe, anavuta kiko.

Mlangoni alisimama Bi Somoe. Alikuwa amefunga pamba kidevuni kwa uzi, na mdomoni ameweka kijiko cha mti.

"Huyu ni mzee?" Kasembe aliuliza kwa wasiwasi.

"Mzee kuliko huyu kata hii haina," Fundi alijibu.

"Mwanangu, andika," Bi Somoe alisema kwa sauti nene. "Pamba inaniwasha."

Akaandika. Kisha akafika mstari wa mwisho. Akamgeuzia Fundi orodha asome mwenyewe. Mstari ulisema: Waziri juu ya paa.

"Si yumo kwenye picha," Kasembe alisema taratibu. "Yule pale, pembeni ya mbuzi. Asipopanda, dhana haijatimia. Na dhana isipotimia, jukwaa hili ni udanganyifu na linabomolewa ndani ya siku saba. Lakini usihuzunike, Fundi! Nchi nzima hakuna nyumba nyingine iliyofika mstari wa mwisho. Atakuja mwenyewe kukuzindua."

Kuzinduliwa kukachukua maandalizi. Waziri alipangiwa Jumamosi. Ijumaa zikaletwa nyasi za Norwe kwa malori mawili. Zilikaa bandarini miezi miwili zikisubiri daktari wa mimea athibitishe kwamba ziko hai, na alipothibitisha zilikuwa zimekufa. Zilikuwa za rangi ya kahawia kama chapati iliyoungua. Zilipandishwa hivyohivyo, mikeka na udongo wake, na vijana wa wizara wakazipulizia rangi ya kijani. Jumamosi asubuhi likaja gari la zimamoto. Katibu wa Waziri alitaka nyasi zing'ae kwenye picha, kwa hiyo zilimwagiwa maji kuanzia saa moja mpaka saa nne.

Fundi Shomvi alizunguka nyumba yake. Maji yalikuwa yanapita kati ya bati na linta, yanashuka ndani ya kuta polepole bila kelele. Aligusa ukuta wa sebule. Kidole kiliingia.

"Afisa," alimwambia Kasembe, "zima hayo maji. Kuta zangu ni za udongo, na juu kuna mzigo wa malori mawili umelowa."

"Fundi, leo usilete siasa."

"Siasa gani? Kidole hiki hapa."

Kasembe alikitazama kidole. Kilikuwa chekundu mpaka kwenye fundo. Alitaka kusema neno, lakini tarumbeta zilianza.

Mheshimiwa Lugendo alishuka kwenye gari akiwa na koti la manyoya, lile alilovaa kwenye picha. Jasho lilikuwa linamtoka hadi kwenye viatu. Alimpa mkono Bi Somoe, aliyesimama tena mlangoni na ndevu zake za pamba, akamwita "rafiki yetu kutoka Norwe", akamsifu kwa kujifunza Kiswahili. Kisha akahutubia.

"Ndugu wananchi wa Matuta! Watu wanauliza, Mheshimiwa, nyasi si ulizipiga marufuku? Nazipiga marufuku hata leo! Nyasi za umaskini ni aibu. Lakini hizi ni nyasi zilizosafiri! Nyasi zenye pasipoti! Leo mwananchi wa kawaida, fundi huyu, mtu ambaye hakusoma, analala chini ya Ulaya!"

Akakunja koti, akaelekea kwenye ngazi. Nyuma yake walijipanga Katibu Mkuu, Mkuu wa Wilaya, Diwani, mpiga picha, mbeba mwavuli, mlinzi, na wapiga tarumbeta sita.

Fundi Shomvi alisimama mbele ya ngazi.

"Mheshimiwa, kuta zimelowa. Nakuomba panda peke yako, upigwe picha, ushuke."

"Peke yangu?" Waziri alishangaa. "Fundi, unataka nionekane sina watu?"

Wakapanda wote kumi na watatu. Mbuzi aliwatazama wanavyokuja mmoja mmoja, akatazama chini, akakata kamba kwa meno. Alikuwa wa kwanza kushuka, na ndiye pekee aliyeshuka kwa hiari yake.

Nyumba haikuanguka kwa kishindo. Ilikaa chini, kama mtu mzima aliyechoka kusimama kwenye foleni. Kuta zilitoka nje pande zote nne, kenchi zikafunguka katikati, na wageni wakateremka ndani pamoja na Norwe yote. Hakuna aliyekufa, maana nyasi ni laini na udongo ulikuwa uji. Tarumbeta mbili zilipatikana zikiwa zimeingiana. Mheshimiwa Lugendo aliangukia chumba cha mbele, juu ya kitanda, na kitanda kikavunjika miguu yote minne.

Bi Somoe aliingia kwa pale ulipokuwa ukuta. Ndevu bado alikuwa nazo.

"Hata hodi, Mheshimiwa?" alisema.

Tume iliundwa, ikafanya kazi yake kwa siku mbili. Ilibaini kwamba nyumba iliporomoka kwa upungufu wa theluji. Huko Norwe, ripoti ilisema, theluji hukandamiza paa lisitikisike, lakini hapa ilitumika theluji hafifu ya muhogo, na mahali pasipohusika. Kuhusu fidia, tume ilipekua kumbukumbu na haikukuta nyumba yoyote kwenye kiwanja kile. Ilikuta jukwaa la mbuzi. Kwa hiyo mbuzi alifidiwa magunia mawili ya pumba, akakabidhiwa na Mkuu wa Wilaya mwenye mkono kwenye bandeji, na picha ikapigwa. Bi Agripina alialikwa kama shahidi. Mheshimiwa Lugendo hakuwepo. Alikuwa amesafiri kwenda nchi tano nyingine kujifunza namna wenzetu wanavyoondoa vifusi.

Jumapili Fundi Shomvi na mkewe walihesabu wenyewe, kabla mvua haijaanza Jumanne. Mama Rukia aliokota, yeye akaandika kwa mkaa kwenye kipande cha mlango.

Bati zilizonunuliwa, arobaini na nane. Zilizofaa kuezekea tena, kumi na saba.

Kenchi nane. Nzima, moja.

Milango mitatu. Mzima, hakuna, huu wa kuandikia ni nusu.

Madirisha yalipona yote, ila hayana ukuta wa kuyashika.

Matofali waliyahesabu mpaka mia tisa na arobaini mazima, wakaacha, maana yaliyobaki yalikuwa yamerudi kuwa udongo.

Kitanda kimoja. Baiskeli ya tarishi. Sufuria mbili, moja ya pilau.

Miaka, kumi na mmoja. Umri wa fundi, hamsini na nne.

"Umesahau moja," Bi Somoe alisema. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, pale palipokuwa dirisha, anatazama barabara.

"Ipi, mama?"

"Siku tulizolala humu."

Fundi Shomvi alihesabu kwa vidole, akarudia, akaandika. Kumi na tisa.